Saa nne za sataranji kwa baraza la Ujiji: shajara ya mradi

Shajara hii inafuata kazi ya kutengeneza saa nne za kidijitali kwa wachezaji wa sataranji wanaokutana jioni Ujiji, Kigoma. Tunaiandika ili anayetaka kutengeneza ya kwake, awe Kasulu, Uvinza au Tabora, asitumbukie kwenye mashimo tuliyotumbukia sisi. Kuunganisha waya ni kazi ya siku moja. Kilichokula miezi ni namba za kwenye kioo: mchezaji aone nini wakati sekunde za kungoja zinakwenda, na ile namba anayoiona imwambie kweli amebakiwa na muda gani.

Maneno tuyaweke sawa kwanza. Kila mchezaji ana muda wake: akimaliza hatua anabonyeza, wake unasimama na wa mpinzani unaanza kwenda. Muda mkuu ni ule mchezaji anaoanza nao, kwetu dakika 5. Nyongeza ni sekunde anazoongezewa kwa kila hatua, na asipozitumia zinalimbikizana. Kwa kubuni njia hiyo, Bobby Fischer, bingwa wa zamani wa dunia, alipewa hataza (haki ya mvumbuzi) Marekani mwaka 1989, na ndiyo iliyotumika aliporudiana na mpinzani wake Boris Spassky mwaka 1992. Kungoja ni sekunde ambazo muda mkuu unasimama kabla ya kuanza kushuka, usipozitumia zinapotea. Bronstein, iliyopewa jina la mchezaji mashuhuri David Bronstein, inafanana na kungoja: muda unashuka papo hapo, na ukibonyeza unarudishiwa ulichotumia, ila si zaidi ya kiwango kilichowekwa.

18 Januari 2025: vifaa

Vifaa vyote vimeagizwa Dar es Salaam na kuja kwa basi kama kifurushi kimoja. Kwa kila saa: Arduino Nano moja (bodi ndogo ya kompyuta inayoendesha programu), vioo viwili vya namba vya TM1637 vyenye tarakimu nne za inchi 0.56, swichi ndogo mbili za wenzo, taa za LED kumi za milimita 3, na rizista za kiloomu 1.

Kabla ya kununua TM1637, angalia picha kwa makini. Ziko za aina mbili. Moja ina nukta mbili katikati kama saa ya ukutani, nyingine ina nukta moja chini ya kila tarakimu. Yenye nukta mbili, zile nukta za chini zinaonekana kwenye plastiki lakini hazijaunganishwa ndani. Tulipanga kuonyesha sehemu ya kumi ya sekunde mchezaji akibakiwa na sekunde 20, kwa mfano 9.4, ikashindikana. Tulijaribu kuandika 9:4, na kila aliyeiona alisoma dakika tisa. Wazo hilo limefutwa. Tulijaribu pia moduli ya MAX7219 yenye tarakimu nane na nukta zote. Inafanya kazi vizuri, lakini tarakimu zake za inchi 0.36 hazisomeki kwa mtu aliyesimama nyuma ya mchezaji. Masharti ya vifaa ya FIDE, shirikisho la sataranji duniani, yanataka kioo kisomeke kutoka mita 3 angalau. Sh 12,000 zimekwenda.

2 Februari: saa inayochelewa

Programu ya kwanza ilihesabu kwa millis(), kihesabu milisekunde cha Arduino yenyewe. Tukaiweka dakika 60 pamoja na simu: baada ya saa nzima ilikuwa nyuma kwa sekunde 11. Nano za bei nafuu mara nyingi hupata mapigo yao ya muda kutoka resoneta ya kauri badala ya kwatzi, na resoneta hiyo inaruhusiwa kukosea hadi nusu asilimia, ambayo ni sekunde 18 kwa saa. Wachezaji wawili wa meza moja wanaonewa sawasawa, hilo ni kweli. Lakini meza nne zikianza pamoja, ya kwanza itamaliza kabla ya ya nne, na mwamuzi atabaki bila jibu.

9 Februari: DS3231, na saa iliyogoma kuondoka 5:00

Tumeongeza moduli ya DS3231, ambayo ni saa ndogo sahihi ya kielektroniki. Kosa lake halizidi sehemu mbili kwa milioni kati ya nyuzi 0 na 40, kwa hiyo joto la Kigoma haliisumbui. Hatutaki tarehe wala saa kutoka kwake. Tunataka mapigo tu. Pini yake ya SQW inaweza kutoa mapigo 1,024 kwa sekunde. Tumeiunganisha na pini D2 ya Nano, na kila pigo linaita katizo, yaani kipande kifupi cha programu kinachoacha mengine yote, kinapunguza hesabu ya mchezaji ambaye zamu ni yake, kisha kinarudi. Sekunde moja ni mapigo 1,024. Katizo liwekwe kwa pigo linaloshuka tu. Ukiweka la mabadiliko, linaitwa mara 2,048 na dakika tano zinaisha kwa dakika mbili na nusu.

SQW haisukumi umeme juu yenyewe, inavuta chini tu. Bila rizista ya kuivuta juu hutapata pigo hata moja. Rizista ya ndani ya D2 inatosha. Iwashe kwenye programu kwa INPUT_PULLUP.

Sasa kosa. Moduli ya DS3231 inayouzwa sana ina saketi ya kuchaji betri ya kitufe. Ukiweka CR2032, ambayo haichajiki, unaichaji kwa nguvu na inaweza kuvimba. Kwa kuwa tarehe hatuihitaji, tukatoa betri. Kesho yake saa ikawaka, ikaonyesha 5:00 pande zote mbili, na haikushuka hata sekunde moja. Tulikagua waya na tukarudia kulehemu D2. Waya hazikuwa na tatizo. Mpangilio wa mapigo unakaa kwenye rejista 0x0E, yaani kisehemu cha kumbukumbu ndani ya DS3231, na tuliuandika mara moja tu kwa programu ya pembeni. Betri ilipokuwepo mpangilio ulibaki. Betri ilipotoka, kila umeme ukikatwa rejista inarudi ilivyotoka kiwandani, na hapo mapigo yamezimwa. Dawa: andika 0x08 kwenye 0x0E kila saa inapowashwa, mwanzoni kabisa mwa programu. Tumeongeza ulinzi pia: isipopata pigo ndani ya milisekunde 10, kioo kinaonyesha vistari vinne badala ya kujifanya kiko tayari.

Baada ya hapo tumeilinganisha na simu kwa muda wa saa sita na hatukuona tofauti.

22 Februari: namna tatu za kuonyesha kungoja

Hapa ndipo kazi yenyewe. Hesabu ya kungoja ni mistari miwili: kama sekunde za kungoja zipo, punguza hizo, kama zimekwisha, punguza muda mkuu. Ugumu ni kioo kimoja chenye tarakimu nne kubeba habari mbili.

Jaribio la kwanza: muda mkuu umesimama, nukta mbili zinapepesa wakati wa kungoja. Wachezaji waliona saa imekwama. Halafu kupepesa hakukwambii zimebaki nne au nusu, na hilo ndilo mchezaji anataka kulijua.

Jaribio la pili: wakati wa kungoja kioo kinaonyesha "d 5", "d 4", hadi mwisho, kisha muda mkuu unarudi. Lilionekana safi hadi mchezo ulipofika mwishoni. Mtu anayecheza haraka, kila hatua ndani ya sekunde tatu, hauoni muda wake mkuu hata mara moja zamu ikiwa yake. Anauona akishabonyeza tu, wakati macho yake yamehamia kwenye ubao. Yaani anayebanwa na muda zaidi ndiye anayefichwa muda wake.

Jaribio la tatu lilikuwa na hatari kuliko yote, na tunaliandika kwa urefu kwa sababu linavutia kila anayelifikiria. Muda ukiwa chini ya dakika 10 unatumia tarakimu tatu, kwa hiyo ya kushoto iko wazi. Tukaweka kungoja pale: 5, kisha 4:32. Kwenye karatasi inapendeza. Kwenye kioo, ambako tarakimu zote ni za ukubwa mmoja na rangi moja, mchezaji anaona 54:32. Sekunde moja baadaye anaona 44:32. Hakuna nafasi wala kistari cha kutenganisha kinachosaidia, maana tarakimu ya tano haipo.

Tumekubaliana hivi: kioo cha namba kibaki cha muda mkuu peke yake, siku zote. Kungoja kumepewa taa tano za kijani juu ya kila kioo. Zamu ikianza zinawaka zote tano, zinazimika moja moja kutoka kulia, na ya mwisho ikizimika namba zinaanza kushuka. Kungoja kwa sekunde 3 zinawaka tatu. Kungoja kwa 10, kila taa ni sekunde mbili.

Taa kumi zinakula pini saba tu, kwa sababu upande mmoja ndio unaokwenda kwa wakati mmoja: pini tano za taa (D10 hadi D13 na A0) zinatumika na pande zote mbili, na A1 na A2 zinachagua upande. A1 ikishuka chini upande wa kushoto unawaka. Rizista zisiwe chini ya kiloomu 1. Kwa hiyo kila taa inapata kama miliamperi 3, na zote tano zikirudi kwa pini moja ni 15, ambazo pini ya Nano inazimudu. Nano ya kwanza iliungua pini kwa rizista za oomu 100. Sh 18,000.

8 Machi: Bronstein ni hesabu ileile

Baadhi ya wachezaji walitaka Bronstein kwa sababu namba zinatembea muda wote. Tuliiandika, tukaipima na kungoja kwa kawaida, ikatoka pungufu. Saa ya mchezaji mmoja ilionyesha 0:03 na akaangukiwa na bendera, yaani muda wake uliisha, baada ya sekunde tatu. Kwa kungoja kwa kawaida, mwenye 0:03 ana sekunde nane, tano za taa na tatu za namba.

Kosa lilikuwa mwanzoni. Ili Bronstein ya 5 ilingane na kungoja kwa 5, saa ianze 5:05, si 5:00. Tazama: mchezaji anatumia sekunde 8. Kwa kungoja, tano zinamezwa na taa, tatu zinakatwa, namba inabaki 4:57. Kwa Bronstein iliyoanza 5:05, namba inashuka hadi 4:57, akibonyeza anarudishiwa 5 na inakuwa 5:02. Hatua inayofuata wote wawili wana sekunde 302 kabla ya bendera. Akitumia sekunde 3 tu: kwa kungoja namba haisogei, kwa Bronstein inashuka hadi 5:02 na kurudi 5:05. Hesabu moja, sura mbili. Usipoongeza zile tano za mwanzo, hasara ni sekunde tano kwa mchezo mzima, si kwa kila hatua, lakini zinadaiwa mwishoni pale zinapouma.

FIDE wanataka kioo kionyeshe wakati wote muda alionao mchezaji wa kukamilisha hatua yake inayofuata. Ukilisoma hilo neno kwa neno, Bronstein inayoanza na 5:05 inalitimiza kwa namba moja. Kungoja kwa kawaida kunalitimiza tu kama taa zinahesabiwa kuwa sehemu ya kioo. Tumeacha zote mbili kwenye saa, na Bronstein ndiyo inayokuja yenyewe ukiwasha.

15 Machi: 0:00 ambayo si sifuri

Mapigo ukiyagawa kwa 1,024 na kutupa kinachobaki, mtu mwenye sekunde 0.9 anaonyeshwa 0:00. Mpinzani anadai bendera, saa haijadai, ugomvi. Dawa ni kupandisha: ongeza 1,023 kabla ya kugawa. Hapo 5:00 inakaa sekunde nzima kabla ya kuwa 4:59, na 0:00 inatokea wakati mmoja tu, bendera ikianguka.

Lakini tulisahau taa. Namba zilipandishwa, taa zikabaki za kushusha. Matokeo: taa ya mwisho inazimika kukiwa na sekunde moja ya kungoja bado, na kwa sekunde hiyo nzima hakuna kinachosogea kwenye saa. Watu walibonyeza tena wakidhani haikushika. Vyote viwili vipandishwe kwa kanuni ileile.

Jambo jingine dogo: muda mrefu hatuuonyeshi kwa saa na dakika. Kioo kikiandika 1:30, nani anajua kama ni saa moja na nusu au dakika moja na nusu? Tarakimu nne zinafika 99:59, kwa hiyo mchezo wa dakika 90 na nyongeza ya 30 unaanza 90:30, na huo ndio mwisho wa uwezo wa saa hizi.

29 Machi: bendera kwenye 1:04

Saa ya pili ilitangaza bendera ghafla wakati mchezaji ana zaidi ya dakika. Haikurudia jioni ile. Siku nyingine mtu aliona 3:12 ikiwa 2:08 kwa kupepesa jicho, kisha 3:12 tena. Namba hizo mbili ndizo zilizofichua ugonjwa: kati ya 3:12 na 2:08 kuna sekunde 64 kamili, na 64 mara 1,024 ni 65,536.

Nano inasoma baiti moja moja. Hesabu ya mapigo ina baiti nne. Programu kuu inasoma mbili za chini, katizo linaingia katikati na kupunguza pigo, kisha programu inasoma mbili za juu zilizokwisha badilika. Kwenye 3:12 kamili baiti za chini ni sifuri zote. Pigo likikatwa pale, za juu zinashuka kwa moja, na programu inaunganisha vipande viwili vya nyakati mbili tofauti. Kwenye 1:04 kamili kipande cha juu kinachobaki ni sifuri na cha chini kilichosomwa kabla ni sifuri. Jumla sifuri. Bendera.

Upenyo huo ni mdogo mno, ndiyo maana unaweza kucheza wiki nzima usiuone. Tuliuthibitisha kwa programu inayorudisha saa 1:05, inaiacha ishuke hadi 1:03, na kurudia. Tuliiacha mezani, na kabla ya jioni bendera ilianguka mara tatu.

Marekebisho mawili. Zima makatizo, nakili hesabu kwenye kigeu kingine (nafasi nyingine ya kumbukumbu), washa makatizo, ndipo utumie nakala. Hakuna pigo linalopotea, kwa sababu kati ya pigo na pigo kuna karibu milisekunde moja na kunakili ni suala la maikrosekunde. Pigo likija wakati huo linangojea mlangoni. Pili, uamuzi wa bendera umehamishiwa ndani ya katizo lenyewe. Kilichoko nje ni kuchora kioo tu. Jaribio lile la 1:05 limekwenda usiku kucha bila kuanguka.

12 Aprili: wenzo na nyongeza iliyozidi

Wenzo ni kipande cha mninga cha sentimita 16, kina msumari katikati na swichi chini ya kila ncha. Kinavyolala ndivyo mtu wa mbali anavyojua saa ya nani inakwenda.

Swichi ikibonyezwa inadundadunda ndani, na programu inaona mibonyezo kadhaa. Kwa kungoja haidhuru, kwa kuwa mbonyezo wa pili wa upande uleule haubadilishi kitu. Kwa nyongeza ilidhuru: dakika 3 na nyongeza ya sekunde 2, mtu anabonyeza mara moja namba inaruka kwa 6. Hatukuhitaji kuchelewesha usomaji. Sharti moja limetosha: ongeza tu kama saa ya aliyebonyeza ndiyo iliyokuwa inakwenda. Sharti la pili liliongezwa siku hiyohiyo, baada ya bendera kuanguka na mchezaji kubonyeza, 0:00 ikawa 0:02. Bendera ikianguka hakuna nyongeza tena, pande zote zinasimama, na taa tano za aliyeanguka zinapepesa.

26 Aprili: umeme

Benki ya umeme ya simu haifai. Mwanga wa kioo ukiwa kiwango cha 7, cha juu kabisa, saa inakula kama miliamperi 110 na inakwenda vizuri. Jioni ukishusha hadi 2 inakula 45, benki inadhani simu imejaa, inajizima katikati ya mchezo. Tumehamia seli za betri za 18650 kutoka betri mbovu za kompyuta mpakato, moduli ya kuchajia ya TP4056 (chukua yenye ulinzi, ina pini za OUT), na MT3608 ya kupandisha hadi volti 5. Rekebisha MT3608 kwa mita kabla ya kuiunganisha na Nano, maana inaweza kuja imewekwa volti nyingi kupita kiasi. Seli nzuri inatoa karibu saa 10 kwa mwanga wa 7. FIDE wanataka hizo 10 zianze baada ya onyo la betri, hapo hatujafika.

10 Mei: sanduku na jua

Chini ya mwembe saa nane mchana namba nyekundu zilififia. Tulifunika uso wote kwa plastiki nyekundu ya jalada la faili, namba zikatokea vizuri sana, na taa za kijani zikatoweka kabisa, kwa kuwa plastiki nyekundu inameza kijani. Plastiki sasa inakatwa kwa kipimo cha kioo cha namba peke yake, milimita 52 kwa 21, na taa zinachungulia kwenye matundu ya milimita 3 juu yake. Uso umeinamishwa nyuzi 30.

24 Mei: gharama na hali

Saa moja: Nano 18,000, DS3231 9,000, vioo viwili 16,000, swichi 3,000, taa na rizista 1,500, seli 3,000, TP4056 na MT3608 6,500, mabaki ya mninga, vanishi na skrubu 6,000, sehemu yake ya usafiri 2,000. Jumla sh 65,000. Vilivyoharibika kwenye mradi mzima ni sh 30,000.

Saa tatu zinatumika. Ya nne inangojea vioo: kifurushi cha mwisho kilileta vile vyenye nukta za chini badala ya nukta mbili, na bila nukta mbili 4:32 inasomeka 432. Muuzaji amekubali kubadilisha, vimerudishwa kwa basi la Alhamisi.